Muhuri wa Pumzi

Kila Jumanne asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala bondeni, Atuganile alilitembelea shamba ambalo hakuwahi kulikanyaga.

Aliketi mezani karibu na dirisha, nyumbani kwake Tukuyu, akavaa kipete cha shaba nyuma ya sikio, akafumba macho na kuwasha kinusio. Kilikuwa kisanduku cha ukubwa wa mkate, chenye utando mweupe mbele, na ndani yake nyuzi mia nne, kila uzi na harufu yake. Mtu akiweka ua mbele ya kisanduku kama hicho huko Lushoto au Kasulu, nyuzi za kisanduku cha Tukuyu zilitikisika kwa namna ile ile, na harufu ya ua ikajaa chumbani kana kwamba dirisha limefunguliwa upande wa pili wa nchi.

Hivyo ndivyo bangi ya dawa ilivyouzwa mtandaoni siku hizo, miaka mingi baada ya sheria kubadilika. Picha zilikuwa zimeongopa sana, sifa za wateja zikaongopa zaidi, na watu wakaishia kuamini pua. Wakulima wenye leseni walionyesha mazao yao kwenye vinusio, na wanusaji kumi na tisa wa Soko hilo la mtandaoni wakayanusa. Zao likiwa safi, mwili wa mnusaji ulijibu wenyewe: moyo ukapunguza mwendo, pumzi ikashuka na kutulia. Kipete kilinasa jibu hilo, nalo likawa muhuri, kwa kuwa hakuna watu wawili wanaopumua sawasawa. Muhuri ulitumwa kwenye vifuniko vya chupa. Mkononi mwa mgonjwa, kifuniko hakikufunguka mpaka kiukute muhuri huo ungali hai.

Atuganile alikuwa na miaka arobaini na sita. Kabla ya kuwa mnusaji alionja chai kiwandani kwa miaka kumi na sita, na ulimi na pua yake vilijulikana hadi kwa wanunuzi wa ng'ambo. Alipokea mashamba sita. Matano aliyanusa kama kazi. La sita, Kitalu cha Umande, alilingojea.

Kwanza lilikuja jani lenyewe, kali kama ganda la limau lililominywa. Likafuata gome la mti mbichi, pilipili manga kidogo, na chini kabisa, kwa mbali, udongo ulionyeshewa mvua muda si mrefu uliopita. Atuganile aliutafuta udongo ule kama mtu anavyotafuta uso anaoujua kwenye umati. Ukishamfikia, mabega yalishuka. Aliona njia nyembamba kati ya mimea, matone yakining'inia kwenye ncha za majani, na mbele yake mtu aliyetembea taratibu bila kugeuka. Hakujua ni nani. Wakati mwingine alidhani ni mama yake. Wakati mwingine alidhani ni Gwakisa, mumewe, katika siku alizokuwa bado anatembea.

"Zao limependeza, dada?" iliuliza sauti ya mwanamke, laini, kutoka kwenye spika. Alijiita Mama Umande.

"Kama kawaida."

Kipete kilipata joto kidogo. Muhuri umekwenda.

"Umerudi?" Gwakisa aliita kutoka chumbani.

"Nimerudi."

"Huko kukoje?"

"Kumenyesha," alijibu, na wote wawili wakacheka, kwa sababu alijibu hivyo kila Jumanne kwa miezi saba.

Gwakisa alikuwa fundi wa nyaya za umeme. Miaka mitano nyuma nguzo ilivunjika akiwa juu yake. Miguu haikuhisi tena mkono wa mtu, lakini misuli yake ilikaza na kujisokota kama kamba, mchana na usiku, hadi jasho likamtoka. Kilichomtuliza ni matone manne chini ya ulimi asubuhi na manne jioni, mafuta ya shamba la Anyisile, mjane wa Isongole, kule juu mlimani. Hayo nayo yalikuwa na muhuri wa Atuganile.

*

Hodi ilisikika siku iliyofuata, Jumatano, saa nne asubuhi. Mlangoni alisimama mwanamume mrefu, shati limechomekwa vizuri, viatu vina vumbi jekundu lisilo la Tukuyu. Mkononi alishika soksi ya kijivu iliyofungwa fundo.

"Naitwa Ndahani," alisema. "Ni mwalimu wa hesabu, natokea Mpwapwa. Nimeelekezwa kwamba hapa ndipo anapokaa mnusaji."

"Ndiye mimi. Karibu ndani, mwalimu."

Mwalimu alimtazama usoni, akajikuta anamtazama pua, akaona haya na kuinamisha kichwa. Atuganile alimwekea chai. Mgeni hakuinywa. Alifungua fundo la soksi, akatoa chupa ndogo ya kahawia na kuiweka mezani kwa uangalifu, kana kwamba ingeweza kuamka.

"Mke wangu anaitwa Foibe," alianza. "Ana baridi yabisi. Vidole vyake vimejikunja hivi. Wiki mbili zilizopita nilimpa matone matatu ya hii, Jumapili baada ya kanisa. Alilala. Hakuamka mpaka Jumanne."

"Sasa yukoje?"

"Ameamka. Haoni vizuri. Ananiita kwa jina la kaka yake aliyefariki, na anazungumza naye vizuri tu, wanakumbushana mambo ya utotoni. Mimi najibu. Nifanyeje?"

Atuganile aliisogeza chupa. Kwenye kibandiko kulikuwa na tone la maji lililochorwa juu ya jani. Kitalu cha Umande.

"Ulinunua Sokoni?"

"Hapana." Mwalimu alifuta uso kwa kiganja. "Kuna kundi la mtandaoni, watu wenye wagonjwa. Hatutumii majina. Mimi nilijiita Pembetatu. Mtu mmoja akasema anayo mafuta yenye muhuri wa Soko, lakini unanunua kwake moja kwa moja, jina lako haliandikwi popote. Mwalimu kuandikwa kwamba amenunua bangi, mama, hata kama ni dawa, hata kama sheria inaruhusu... Kwetu bado watu wananong'ona."

"Alikuharakisha?"

"Zimebaki chupa mbili, alisema. Lipa ndani ya saa moja, na ulipe kwenye namba hii, usipitie Sokoni. Nikamwomba niongee na mtu yeyote aliyewahi kununua, akanitumia sifa ishirini, zote zimeandikwa kwa lugha moja." Alitabasamu bila furaha. "Nafundisha watoto uwezekano. Kila mwaka nauchora ubaoni. Na hapa tumboni nilijua. Lakini chupa ilipofika, kifuniko kilisoma muhuri kikafunguka. Nikasema, basi, kuna pua ya mtu mzima imethibitisha."

Chumbani, kitanda cha Gwakisa kililia kidogo.

"Sikuja kukulaumu," Ndahani alisema. "Nimekaa kwenye treni siku nzima nikijiambia nitakulaumu, lakini siwezi. Nataka kuuliza tu. Ulipoinusa, ulisikia nini?"

Atuganile alikisogeza kipete chake kwenye kifuniko. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Ilikuwa pumzi yake, haikuwa na shaka. Akafungua chupa na kunusa. Palikuwa na tango lililochacha, na chini yake kitu kama waya ulioungua. Hapakuwa na jani. Hapakuwa na njia nyembamba, wala mtu mbele.

"Nilisikia mvua," alisema.

*

Kinusio kilihifadhi kila harufu iliyopita ndani yake, kama mistari inayopanda na kushuka. Atuganile alifungua kwanza kumbukumbu za Anyisile, akazipanga moja juu ya nyingine. Mistari ilitawanyika: wiki ya jua kali, wiki ya mvua ya mawe, wiki ambayo mtu alipika maharage karibu. Ilifanana kama mwandiko wa mtu mmoja unavyofanana kwenye barua mbalimbali.

Kisha akapanga Jumanne ishirini na nane za Kitalu cha Umande. Kwenye kioo ulionekana mstari mmoja tu.

Ndahani alikuwa wa kwanza kuelewa. "Ni nakala," alisema. "Walinasa harufu ya zao zuri siku moja, mahali fulani, na wamekuwa wakikupigia kama wimbo."

"Kwa hiyo mimi nagonga muhuri kwa shamba zuri, wao wanajaza chupa kwa wanachokijua."

Alikumbuka Septemba, mwezi ambao milima yote ya kaskazini, walikodai shamba la Umande lipo, ilikauka mpaka habari zikataja mito kwa majina. Hata Septemba, kwa Mama Umande mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Mnusaji mzuri angeuliza. Yeye hakuuliza kwa kuwa hakutaka ikome.

Alivaa kipete na kupiga.

"Dada!" Sauti ilikuja mara moja. "Leo si Jumanne."

"Naomba nilione zao tena kidogo."

Harufu ikajaa chumbani. Atuganile alikuwa anajua, kila kitu kilikuwa mbele yake kwenye kioo, na bado mabega yalianza kushuka. Hilo lilimtisha kuliko yote. Alishika ukingo wa meza.

"Vunja jani moja mbele ya kinusio, Mama Umande."

"Tayari, nimelivunja."

Harufu haikubadilika.

"Mwagia maji udongo."

"Nimemwagia, dada. Unasikia linavyopendeza?"

Harufu haikubadilika.

"Sasa weka kiganja chako pale. Nataka kunusa mkono wako."

Palipita muda.

"Una nini leo, jamani?" Sauti ilibaki laini. "Mzigo unaondoka saa nane. Kuna wagonjwa wanasubiri, wengine wako taabani. Wewe gonga, tutaongea vizuri Jumanne. Na nimekuwekea chupa ya mumeo hapa, zawadi. Najua anavyoteseka."

Atuganile hakuwahi kumwambia kwamba ana mume.

"Mkono tu. Nusu dakika."

Simu ilikatika. Harufu haikukatika. Iliendelea kumiminika kutoka mahali pasipo na mtu, jani, gome, pilipili, udongo uliolowa, na kwa mara ya mwisho Atuganile aliiona njia, na mtu yule akitembea mbele yake, na safari hii alijua kwamba hata akimkimbilia namna gani hatageuka, kwa maana hakuna aliyekuwepo. Kisha utando ukawa mweupe tena, na chumba kikanuka chai iliyopoa.

Alilia. Ndahani hakujua aweke wapi mikono yake. Alichukua kijiko akakoroga kikombe ambacho hakikuwa na sukari.

*

Mkuu wa wanusaji aliitwa Shaweji, mtu wa Kilwa mwenye maneno machache. Alisikiliza yote kwenye simu bila kukatiza.

"Wamezisambaza chupa ngapi?" aliuliza mwishoni.

"Ukihesabu vifuniko walivyopewa, sitini na moja. Hazikuuzwa Sokoni hata moja, kwa hiyo hatujui ziko kwa nani."

"Nimejaribu kuwaonya kule kundini," Ndahani alisema kwa sauti ili asikike. "Nilitolewa kabla sijamaliza sentensi ya pili. Tulikuwa watu mia na arobaini. Sijui jina la hata mmoja."

Shaweji alivuta pumzi. "Atuganile, unajua vifuniko vilivyo. Havijui shamba. Vinaijua pumzi yako tu."

Alijua. Kuzifunga chupa sitini na moja kulikuwa na njia moja: kuufuta muhuri. Ukifutwa, kila kifuniko kilichowahi kuupokea kingejifunga popote kilipo, kwenye kabati, kwenye mkoba, pembeni ya kitanda. Chupa za Umande zingefungwa, na pamoja nazo chupa za mashamba matano ya halali, nyumba elfu mbili na mia tatu. Na muhuri mpya haukupatikana upesi. Mwili ulihitaji siku arobaini kusahau namna ulivyosomwa, vinginevyo ungeurudia ule ule.

"Wenye kifafa hospitali itawapa vidonge vya akiba, nitahakikisha leo hii," Shaweji alisema. "Wenye maumivu hawatakuwa na kitu. Wanusaji wengine wamejaa, siwezi kuwagawia mashamba yako kabla ya mwezi. Kuna njia nyingine. Tutoe tangazo redioni, tusubiri wiki moja, mafundi wajaribu kuzitenga. Pengine watu watazirudisha wenyewe."

"Watu walionunua kwa kujificha watazirudisha kwa tangazo la redio?"

"Wachache. Siwezi kukuamuru. Ni pumzi yako. Nipigie kabla ya saa tisa."

Atuganile aliingia chumbani. Gwakisa alikuwa ameegemea mito, macho yake dirishani. Ukuta ulikuwa mwembamba na alikuwa amesikia kila neno.

"Usiniulize," alisema.

"Sijakuuliza."

"Ukiniuliza nitakwambia usifute. Nitakwambia wiki moja si kitu. Nitakwambia wale waliziacha njia halali kwa kutaka kwao. Nitasema maneno mabaya, Atu, na yote nitayaamini, kwa sababu unaikumbuka Februari ile ilivyokuwa, kabla hatujapata mafuta haya."

Aliikumbuka. Aliikumbuka sauti yake, aliyoibana kwa shuka ili majirani wasisikie. Aliketi pembeni ya kitanda. Nje, ukungu ulikuwa umerudi tena juu ya migomba, na mchana ukafanana na alfajiri.

"Kuna mtu sasa hivi," alisema, "anayo chupa ile mkononi. Labda anampa mama yake. Anaangalia kifuniko, kinafunguka, anasema mnusaji amethibitisha."

Gwakisa alifumba macho.

"Basi nimiminie kwanza," alisema. "Kikombe kimoja. Kikishakuwa kikombeni hakina kifuniko. Ukitoka hapo kafute unachotaka."

Ilikuwa rahisi hivyo. Atuganile alikwenda jikoni akachukua kikombe cha kahawa, akarudi, akaichukua chupa ya Anyisile kwenye meza ndogo. Kifuniko kilifunguka kwa sauti nyepesi. Aliinamisha chupa. Tone la kwanza lilikusanyika mdomoni mwake, la dhahabu, zito, likawa linajifikiria.

Hakuweza kuwaonya wale wengine wafanye vivyo hivyo. Angewaonya, wenye chupa za Umande nao wangemimina. Ndani ya nyumba elfu mbili na mia tatu, nyumba moja tu ingekuwa na kikombe.

Aliinua chupa. Akaifunga.

"Huwezi?" Gwakisa aliuliza.

"Naweza."

"Kwa hiyo hutaki."

"Sitaki," alisema, na sauti yake ilikatika katikati. "Nikiwafungia wengine wewe ukiwa umeshapata, nitakuwa nimewachagulia maumivu ambayo siyajui."

Gwakisa aligeuza uso ukutani. Mkewe alikaa kidogo akiutazama mgongo wake, kisha akainuka.

Kufuta kulikuwa kitendo kidogo. Alivaa kipete, akataja jina lake, akashika pumzi. Kipete kilimtafuta. Kilipapasa ngozi yake kwa joto hafifu, kama mkono wa mtu anayetafuta swichi gizani. Sekunde ishirini, thelathini. Kifua kilimwaka. Ndahani, aliyesimama mlangoni, alikuwa ameshika pumzi yake pia bila kujua. Ilipofika arobaini na moja kipete kikapoa, na kutoka chumbani ikasikika sauti kavu ya kifuniko kikijifunga.

*

Siku ya tatu polisi walikipata chumba ilimotoka harufu ya Umande. Kilikuwa ghorofa ya pili ya jengo moja mjini, kimefagiliwa, hakina mtu wala karatasi. Palikuwa na meza, na juu yake kinusio kilichoachwa kimewaka. Askari wawili waliofungua mlango walisimama kizingitini kwa dakika kadhaa bila kuingia. Mmoja alimwambia Shaweji kwamba alihisi amefika kwao, ingawa kwao ni jangwa.

Wenye chumba hawakupatikana.

Kati ya chupa sitini na moja, thelathini na tisa zilirudishwa zikiwa zimefungwa, nyingi kwa bahasha zisizo na jina. Ndani ya bahasha moja kulikuwa na karatasi: "Nilikuwa nimeishika mkononi, mwanangu ameshafungua mdomo, ikajifunga. Nilikutukana. Baadaye nikasikia habari." Atuganile aliisoma mara moja, akaiweka.

Alisoma na nyingine. Fundi cherehani wa Ifakara alimwandikia kwamba maumivu ya shingo yamerudi na ameacha kushona. Mzee mmoja wa Kyela alituma ujumbe wa sauti wa dakika tatu, na kwa dakika zote tatu hakusema neno, alipumua tu kama watu wanavyopumua wakiwa wamebana meno. Atuganile aliusikiliza mpaka mwisho. Aliwajibu wote. Hakujitetea, aliwaeleza kilichotokea, akawaambia siku zilizobaki.

Gwakisa hakumwambia neno. Alikula alichopewa, aligeuzwa alipohitaji kugeuzwa. Misuli ilipokaza, Atuganile alimkanda miguu kwa maji moto na mafuta ya nazi, saa nzima wakati mwingine, yeye akitazama dari. Hakubana sauti yake kwa shuka tena. Aliiacha itoke. Majirani wakasikia, wakaanza kuja kumpokea mkewe zamu ya kukanda, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitano wao kuingia chumba kile.

Wiki ya nne Ndahani alipiga simu. Foibe alikuwa ameanza kuona rangi. Alimtambua. Kisha siku hiyo hiyo akamuuliza kaka yake amekwenda wapi, kwani walikuwa na mazungumzo ambayo hayakuisha. "Nimemwambia ameondoka," Ndahani alisema. "Amelia, mama. Nami nimelia, sijui kwa nini. Nilikuwa nimezoea kuwa yeye."

Alikuwa amefungua kundi jipya, alisema, ambalo watu wanatumia majina yao. Walikuwa kumi na mmoja.

*

Siku ya thelathini na nane Atuganile alikuwa anakunja mashuka. Gwakisa aliongea nyuma yake kana kwamba mazungumzo yao yaliishia jana.

"Lini unaanza tena?"

"Kesho kutwa. Naanza na Anyisile."

"Kwa kinusio?"

"Kwa miguu yangu. Nimemwambia Shaweji shamba nisilolikanyaga siligongei muhuri. Amesema nitachelewa, nikamwambia nitachelewa."

Alimsikia akivuta pumzi, akaivuta tena.

"Na mimi nakwenda," alisema.

Jirani aliwapandisha Isongole kwa gari lake dogo la umeme, kiti cha magurudumu kimefungwa nyuma. Kitalu cha Anyisile kilikuwa nyumba ndefu ya nailoni iliyochakaa, yenye viraka. Mwenyewe alikuja akiwa na mabuti ya mpira, mwanamke mfupi wa miaka hamsini, na salamu yake ilikuwa fupi pia. Siku arobaini hakuwa ameuza hata tone.

"Ndaga," Atuganile alimsalimu. "Najua nilichokufanyia."

"Hujui," Anyisile alisema. "Lakini pita."

Ndani kulikuwa na joto na kelele za nyuki. Harufu zilimjia zote kwa mkupuo, hakuna iliyosubiri nyingine: samadi ya mbuzi, moshi wa kuni, nailoni iliyopigwa na jua, majani makali, jasho lake mwenyewe. Mistari ilikuwa thelathini. Alivaa kipete, akainama kwenye mmea wa kwanza, akafumba macho.

Hakuona kitu. Kipete kilibaki baridi.

Alijaribu wa pili. Mwili wake ulisimama kama mtu anayesikiliza hatua nje ya nyumba. Moyo ulienda mbio. Kwa kuogopa kudanganywa alikuwa amejifungia nje ya kila kitu, na sasa zao safi lilikuwa mbele yake na hakuwa na pumzi ya kuligongea muhuri. Anyisile alisimama pembeni, mikono kiunoni.

Atuganile alifumbua macho. Akaacha kunusa. Alianza kutembea tu, mstari hadi mstari, akigeuza majani, akigusa udongo, akiuliza. Huu ulipandwa lini? Hawa wadudu mnawaondoaje? Nani alichoma hapa? Anyisile alijibu kwa neno moja moja, kisha kwa mawili, kisha akaanza kulalamika kuhusu maji, na mbuzi wa jirani, na kiraka kile kinachovuja kila mvua ikinyesha. Walikaa chini wakachambua majani ya njano pamoja. Jua lilipanda. Mchana, katikati ya habari ndefu ya mbuzi, Atuganile alihisi joto dogo nyuma ya sikio.

Alinyamaza. Anyisile naye akanyamaza.

Muhuri mpya haukufanana na wa zamani. Ulikuwa mzito zaidi, wenye kusitasita katikati. Lakini chupa ya kwanza ilipoletwa, kifuniko kilifunguka.

Gwakisa alipewa matone manne kwenye kiti chake, kati ya mstari wa pili na wa tatu. Walingoja. Misuli ya mapaja iliyokuwa ikirukaruka chini ya suruali ilianza kupunguza, kama mawe madogo yakizama moja moja kwenye maji, hadi ikatulia. Uso wake ulifunguka. Akaonekana ghafla mtu aliyechoka sana.

"Bado sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Kilikuwa kikombe kimoja, Atu."

"Najua kilikuwa kimoja."

Alitazama majani yaliyomzunguka pande zote, kijani juu ya kijani, na vumbi likielea kwenye mwanga. Nyuki alitua kwenye goti lake ambalo halikumhisi, naye akamwangalia mpaka aliporuka.

"Nigeuze kidogo," alisema. "Jua liko upande ule."

Atuganile alikigeuza kiti, akafunga breki, akamwekea mkono begani. Hakuutoa. Kisha Anyisile akaita kutoka mstari wa tatu, maana ilikuwa imebaki mistari ishirini na nane na wagonjwa walikuwa wanangoja, na Atuganile akainama chini ya majani na kwenda.